Ngozi Niliyoitia Chumvi

Alhamisi, Balambala. Adhuhuri.

Jua kali, upepo wa vumbi, na mimi nimenuna tangu asubuhi. Shule tumefunga kwa likizo fupi ya katikati ya muhula, kwa hiyo sina hata wanafunzi wa kuwafokea.

Niseme moja kwa moja. Kesho baada ya sala ya alfajiri lori la mnunuzi wa mifugo litapita hapa likielekea soko la Garissa, na huenda Barwako akapanda. Barwako ni ngamia wangu. Si wa boma, si wa mume wangu. Yusuf alinipa awe mahari yangu tulipooana, mbele ya shehe na mashahidi. Katika kila kitu kinachotembea kwenye boma hili, ni yeye peke yake ninayeweza kumnyooshea kidole nikasema huyu ni wangu, na hakuna mtu atakayekohoa.

Na ahadi nimeitoa kwa mdomo wangu mwenyewe. Asipotoa maziwa hadi jua la leo lizame, anakwenda.

Alizaa wiki iliyopita. Ndama alikuwa jike, mwekundu, miguu mirefu kuliko akili. Ijumaa alianza kuharisha, Jumapili akafa. Yusuf hayupo, anaendesha lori la bidhaa kati ya Wajir na Banissa, na simu yake hushika mtandao anapotaka yeye mwenyewe. Mama mkwe wangu, ambaye namwita Hooyo kama wanavyomwita wanawe, alikuwa Dagahaley kwa binti yake mwenye duka kwenye kambi ya wakimbizi. Shemeji yangu Abdi alikuwa amepeleka mbuzi kisimani. Nilibaki mimi na mzoga.

Nilijua la kufanya. Angalau nilidhani najua.

Mimi nimezaliwa upande wa Ijara, kwa watu wa ng'ombe. Kwetu ndama akifa, anachunwa upesi, ngozi inapakwa chumvi, inajazwa nyasi, halafu inawekwa mbele ya ng'ombe wakati wa kukamua. Ng'ombe anailamba. Anailamba kama alivyomlamba mwanawe siku ya kwanza, na kadiri anavyolamba, maziwa yanashuka. Chumvi inamfanya aendelee. Nimemwona mama yangu akifanya hivyo tangu nikiwa mdogo, na sikumbuki hata mara moja ikimshinda.

Basi nikamchuna yule ndama kwa kisu cha jikoni. Nikaipaka ngozi chumvi ndani nje, pakiti nzima, nikaianika juani hadi ikakauka vizuri. Kazi safi. Nilijisifu kidogo.

Jioni nilimpelekea Barwako. Akainamisha shingo, akanusa mara moja, akakoroma, akageuza uso. Nikasogeza tena. Akaenda zake hadi mwisho wa zizi akaanza kulia ile sauti yao ya chini inayotoka tumboni. Alilia hadi Jumatatu. Sauti ile sitaki kuieleza zaidi.

Hooyo alirudi Jumanne. Hakuniuliza habari za boma wala za ngamia, aliichukua ngozi, akaipeleka puani, akaniangalia.

"Hii umemtengenezea ngamia," akasema, "au umetengeneza nyirinyiri?"

Nyirinyiri ni nyama yetu ya kukausha. Inawekwa kwenye samli na hukaa miezi bila kuoza. Abdi alicheka mpaka akakaa chini.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo watoto wote wa boma hili wanalijua tangu hawajaota meno ya mbele. Ngamia halambi mwanawe. Ng'ombe hulamba, mbuzi hulamba, kondoo hulamba, punda naye hulamba. Ngamia hunusa tu. Ndama anapozaliwa mama yake huweka pua juu yake, ananusa, ananusa tena, na ile harufu ndiyo inakuwa jina. Kila anaponyonya, mama hugeuza shingo akamnusa mkiani kuhakikisha kwamba ni yule yule. Kwa hiyo ngozi ya ndama wa ngamia haitiwi chumvi, haioshwi, haianikwi ikakauka. Inaachwa na uchafu wake wote. Mimi nilichukua jina la yule ndama nikalifuta kwa pakiti ya chumvi.

Haingeweza kumtokea mtu mwingine hapa. Mtu asiyejua mifugo asingechuna ndama kabisa, na mtu wa ngamia asingegusa chumvi. Ilihitaji binti wa ng'ombe aliyeolewa kwa watu wa ngamia.

Tangu hapo kila jioni Abdi anajaribu kumkamua na kila jioni anapata kidogo kuliko jana. Jana alipata cha kulowesha chini ya chombo. Kiwele kimejaa, unakiona kwa macho, lakini Barwako ameyashikilia maziwa juu.

Sitaki kumwita mchoyo. Nimekaa nikafikiri sana juu ya hili leo. Huu ni msimu wa jilaal, kiangazi chetu kirefu, na maziwa ni maji. Mwili unaotoa maji bila kuwa na ndama wa kuyanywa ni mwili unaojiua. Kwa hiyo hakuna ndama, hakuna maziwa, bomba linafungwa. Ni akili hiyo hiyo iliyomfanya aishi ukame uliomaliza ng'ombe wote wa baba yangu. Siwezi kuisifu mwaka ule na kuilaani mwaka huu. Ila nailaani kidogo.

Abdi si mtu mbaya. Hoja yake ina mashiko. Wanafunzi wangu wa darasa la nne huniambia nundu ni tangi la maji, na kila muhula nawaambia hapana, ni mafuta, ni akiba ya siku mbaya. Nundu ya Barwako bado imesimama. Abdi anasema ngamia bila maziwa anakula majani ya wenzake bure, na kabla jilaal haijaisha atakuwa ameila nundu yake mwenyewe, na hapo hakuna atakayemtaka. Auzwe sasa, ninunue mbuzi kadhaa wa maziwa. Mbuzi hawana mambo mengi. Aliniuliza kwa heshima, kwa sababu anajua ni mahari. Ningekataa asingesema neno. Lakini katika boma hili maziwa ya Barwako ndiyo yaliyotarajiwa kutulisha, wanawe Abdi wakiwemo, na kukataa tu bila kuwa na jibu ni kiburi. Nikasema mpaka Alhamisi magharibi.

Jana usiku nilimsikia akiongea na mnunuzi kwa Kiswahili. "Kuja mabema," alimwambia. "Ngamia iko. Nundu yake bado imejaa kabisa."

Iko. Mimi mwalimu wa Kiswahili, na kilichoniuma si sarufi.

Sasa hivi ninavyoandika, Barwako amelala katikati ya uwanja, juani, na kivuli kipo hatua chache tu. Mwezi wa kwanza wa ndoa yangu nilidhani ni mgonjwa nikawa namfukuza aende mtini. Hooyo aliniacha nihangaike siku nzima kabla ya kunieleza. Ngamia akikaa hulielekeza jua uso wake, upande wake mwembamba ndio unaopokea joto, na miguu ameikunja chini ili ardhi aliyoilalia isipate moto. Jua likisogea, naye husogea. Kondoo nao wana njia nyingine. Wamesimama kundi moja, kila mmoja ameingiza kichwa chake cheusi chini ya tumbo la mwenzake, na yule wa mwisho kabisa hana tumbo la kujificha, anavumilia. Mbuzi hawajali. Mbuzi wamesimama kwa miguu ya nyuma kwenye mgunga wanachuma majani ambayo kondoo hawayafikii, wakiwa na midomo ambayo miiba haiichomi.

Kila mmoja amepewa yake. Mimi nimepewa kalamu, na haijakamua ngamia yeyote.

Naogopa jioni.

*

Alhamisi hiyo hiyo, baada ya sala ya magharibi.

Naandika tena, jua limeshazama.

Baada ya alasiri nilikuwa nikipepeta mchele nikaona mbuzi mmoja, yule jike mweupe asiyeshiba, amesimama kwa miguu ya nyuma kwenye ua wa miiba, anavuta kitu. Nilidhani ni gunia. Nikamrushia kijiwe. Hakujali, akaendelea kuvuta na kutafuna. Nikaenda kumfukuza, na nilipokaribia nikaona ni shuka yangu ya zamani, ile ya maua.

Siku Barwako alipozaa nilikuwa naye. Ndama alipoanguka mchangani nilivua shuka nikampangusa, puani, mdomoni, mwili mzima, kwa sababu ndivyo tunavyofanya na ndama wa ng'ombe asubuhi ya baridi. Hooyo alinikemea, akasema ngamia haendi hospitali. Shuka ilinuka vibaya sana na maji ya kufulia hakuna, mto uko mbali na punda anabeba ya kunywa tu, basi Hooyo akaitupa juu ya ua upande wa nyuma, mbali na nyumba. Nikaisahau. Mbuzi hakuisahau. Mbuzi hutafuta chumvi popote, na jasho la binadamu lina chumvi.

Nilipomnyang'anya, ncha moja ya shuka ilikuwa imeshaliwa. Iliyobaki ilikuwa imekakamaa kama ngozi. Nikaikunjua ili nione imeharibika kiasi gani, na harufu ya ndama ikanipiga.

Nilisimama pale. Sikukimbia, sikupiga kelele. Nilihofia nikisema neno nitaiharibu hii nayo.

Nilimpelekea Hooyo. Alikuwa kwenye mkeka na tasbihi yake. Akainusa shuka upande mmoja, akaigeuza, akainusa upande wa pili. Uso wake haukubadilika. Alisema tu nisiioshe, jambo ambalo hata mimi kufikia hapo nilikuwa nimelifahamu. Akaniamuru niivae mgongoni, niende nisimame pale anaposimama ndama, ubavuni mbele ya mguu wa nyuma, niiname.

Kwa hiyo leo jioni mimi, mwalimu mwenye cheti, nimekuwa ndama.

Barwako alikuwa amesimama. Niliinama, kichwa karibu na kiwele, shuka mgongoni. Nikasikia shingo ikigeuka. Sikuiona, niliisikia, ile pumzi nzito ikishuka. Pua ikagusa mgongo wangu. Akanusa. Akaondoka. Akarudi akanusa tena, safari hii chini zaidi, karibu na kiuno, pale ambapo ndama angekuwa na mkia. Halafu akatoa sauti. Si ile ya Jumapili. Ilikuwa fupi na laini, na nilikuwa nimeisikia alipozaa.

Nilitokwa na machozi pale pale, nimeinama, na sioni aibu kuliandika.

Abdi alikuja na chombo. Chombo chetu cha kukamulia ngamia ni cha mti, kinafukizwa moshi kwa ndani, na hukaa upande wa wanaume. Akasimama kwa mguu mmoja kama desturi, mguu wa pili ameukunja na chombo juu ya goti, akashika chuchu. Barwako akapiga teke. Halikumpata Abdi, lakini chombo kilikwenda mbali. Abdi alikuwa ametoka kujaza petroli kwenye pikipiki. Hata mimi nilimsikia akinuka. Akanawa kwa mchanga, akajaribu tena, na nikaona kwa macho yangu kiwele kikijikaza, chuchu zikinywea.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye vichwa vya migunga.

Abdi alijaribu mara ya tatu kisha akaacha. Alisema, bila ubaya wowote, kwamba ahadi ni ahadi, na kwamba angalau tumejaribu. Nikajibu ndiyo. Nilisimama na ile shuka mgongoni na Barwako hakuacha kuninusa nywele.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Hapa mwanamke hakamui ngamia. Mbuzi anamkamua, ng'ombe anamkamua, akitaka atamkamua na punda. Ngamia ni kazi ya wanaume. Kuna maboma siku hizi ambayo hayajali, wanaume wameenda mjini na wanawake wanakamua na dunia haijapasuka, lakini boma hili si mojawapo, na sababu ni Hooyo. Mwezi ule ule wa kwanza niliwahi kumshika Barwako chuchu kwa mzaha tu, na Hooyo aliniambia mbele ya wageni kwamba maziwa ya mkono wa mwanamke humfukuzia ngamia baraka. Sikurudia. Hata leo, nikiwa nimeinama chini ya yule mnyama, mkono wangu haukuthubutu kwenda pale.

Hooyo aliinuka kutoka mkekani. Alitembea polepole hadi pale chombo kilipoangukia, akakiokota, akakipangusa kwa upindo wa nguo yake. Akakileta. Abdi alinyoosha mkono akipokee.

Akampita Abdi.

"Kamua wewe," akaniambia.

Abdi alianza kusema, "Hooyo, lakini..." Hooyo alikuwa tayari ameshageuka, ametupa mgongo sisi sote watatu, mimi na mwanawe na ngamia.

"Mimi naangalia kibla," akasema. "Sioni kitu. Fanya haraka kabla ya adhana."

Nikaukunja mguu. Niliyumba, chombo kikayumba, nikaegemea ubavu wa Barwako na ubavu ukanishika. Aligeuza shingo, akaweka pua mgongoni pangu, akaiacha pale. Nilishika chuchu moja, nikaivuta taratibu kama ninavyomkamua ng'ombe. Hakuna. Nikavuta tena. Hakuna. Nikaanza kumsemesha, sijui nilisema nini, nadhani nilimwomba msamaha kuhusu ile pakiti ya chumvi.

Kisha chuchu zikajaa. Zote kwa pamoja, ghafla, mkononi mwangu. Maziwa ya ngamia hayaji polepole. Yanashuka yote kwa mpigo na yanakaa kidogo tu, usipowahi yamerudi yalikotoka. Nilikamua kwa nguvu zangu zote. Vidole viliuma hadi kwenye viwiko, mguu niliousimamia ukafa ganzi, na povu likapanda kwenye chombo. Sikusikia kitu kingine duniani isipokuwa ile sauti ya maziwa ikiingia kwenye maziwa.

Hakikujaa. Kilifika nusu, pengine zaidi kidogo. Adhana ikaadhiniwa chuchu zikiwa bado mikononi mwangu.

Hooyo aligeuka. Akachukua chombo kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu kwa mtu ambaye hakuona kitu. Kisha akampa Abdi. Abdi alikiangalia kile chombo kama kingemwuliza swali, akamwangalia mama yake, akanywa, akapangusa povu kwenye masharubu. Halafu akasogea kando na simu.

"Ile ngamia wacha," nikamsikia akisema. "Hapana. Haiuzwi. Bei si shida, nimesema wacha."

Tulisali. Wanawe Abdi walikunywa yaliyobaki wakagombania povu.

Sijui kama Barwako amedanganyika. Nimeliwaza hili tangu nilipoweka kichwa sakafuni kusujudu. Alininusa nywele, alininusa uso, anajua kabisa mimi ni nani, mimi ndiye niliyemletea ngozi isiyo na mtu ndani yake. Labda amekubali tu kwamba kilichobaki cha mwanawe kimekaa kwangu, na ametoa maziwa kwa kilichobaki. Labda ni pua tu na mishipa, kama ambavyo ningewafundisha darasa la nne. Yote mawili yananitosha.

Shuka haitadumu. Harufu itaisha, wiki moja, wiki mbili, na Hooyo anasema kufikia hapo ama atakuwa amenizoea mimi mwenyewe ama hatakuwa amenizoea. Hilo ni la mbele.

Nilipotoka sasa hivi kutafuta mtandao wa kutuma haya, nimekanyaga kitu kizingitini. Ni chombo cha kukamulia. Kimeshaoshwa, kimeshafukizwa moshi, bado kina joto. Huwa kinatundikwa upande wa wanaume, na anayekifukiza ni Abdi.

Amekiweka mlangoni kwangu.